Kutoka Jukwaani hadi Kwenye Maiki: Maswali ya Wachekeshaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi Kuhusu Uigizaji wa Sauti

## Mambo ya kwanza

Uigizaji wa sauti ni kazi gani hasa?

Ni kuigiza bila kuonekana. Hapa kwetu kazi iliyo nyingi zaidi ni matangazo ya redio, hasa yale ya watu wawili wanaobishana dukani hadi wa tatu atokee na jina la bidhaa. Kisha kuna vibonzo vya watoto, tamthilia za kigeni zinazoingizwa sauti kwa Kiswahili, michezo ya redio ya mashirika ya afya na kilimo, vitabu vya sauti, na ile sauti ya kwenye simu inayokwambia ubonyeze moja au mbili. Hii ya mwisho haina sifa yoyote, lakini hulipa bila maneno mengi.

Mchekeshaji ana nini ambacho mtangazaji hana?

Sikio. Ukiweza kusimama stendi ya Kondele dakika kumi kisha urudi nyumbani na utingo watatu tofauti kichwani, kila mmoja na mwendo wake wa kusema, hiyo ndiyo malighafi. La pili ni kujua neno gani la sentensi hubeba kichekesho, na nusu sekunde gani ya kunyamaza kabla yake. Mtangazaji wa habari mwenye sauti nzito nzuri huchukua miezi kujifunza jambo hilo. Wewe ulifundishwa na ukumbi uliokataa kucheka.

Sauti ya ajabuajabu si sharti. Kila studio imeshachoka na mtu anayebana pua na kudai ni mhusika.

Kuna wachekeshaji waliowahi kuvuka?

Wengi. Tom Kenny, Mmarekani aliyezaliwa 1962, alikuwa mchekeshaji wa jukwaani kabla ya kuwa sauti ya SpongeBob mwaka 1999, na katika kibonzo hichohicho ndiye pia konokono Gary. Robin Williams alitoka kwenye vilabu vya uchekeshaji hadi kuwa jini wa *Aladdin* mwaka 1992, akiongeza mistari yake mwenyewe studioni. Mel Blanc, aliyelelewa na vichekesho vya redio, alitafuna karoti halisi alipokuwa Bugs Bunny, kisha akaitema ili aweze kusema mstari unaofuata. Mlio wa karoti haukuwa na mbadala.

Nyumbani, mfano wa karibu ni *The XYZ Show*, iliyoanza 2009 chini ya mchoraji Gado. Vikaragosi vya mpira vilikuwa na sura za wanasiasa, lakini kilichowafanya watu wacheke ni waigaji waliokuwa nyuma yake.

Ni lazima nihamie Nairobi?

Si lazima, ila usidanganywe kwamba umbali haugharimu. Kazi za kuingiza sauti tamthilia hufanyika studioni, na studio nyingi ziko Nairobi. Kutoka Nakuru ni kama kilomita 160, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Kisumu ni takriban 350, kwa hiyo hesabu malazi kabla ya kutaja bei. Matangazo, vitabu na sauti za simu unaweza kurekodi nyumbani, chumba chako kikiruhusu (tazama «Chumba changu kina mwangwi»).

Halafu kuna soko ambalo Nairobi hulitafuta kwetu: Kijaluo, Kiluhya, Ekegusii, Kikalenjin. Vituo kama Ramogi, Mulembe na Egesa hurusha matangazo ya lugha hizo, na mwenye bidhaa hataki Mbukusu wa kubahatisha.

## Lafudhi na uigizaji

Lafudhi yangu itaninyima kazi?

Itakunyima ikiwa huwezi kuizima. Kijaluo hakina sauti za *sh* na *z*, ndiyo maana «shamba la zamani» linatoka «samba la samani» na ukumbi unacheka. Jukwaani hiyo ni mali. Kwenye sauti ya simu ya benki, ni kazi iliyopotea.

Lengo ni swichi, si kufuta. Soma aya moja ya gazeti mara tatu kila asubuhi: kwanza kwa Kiswahili sanifu, pili kwa lafudhi yako ya nyumbani, tatu kwa ya jirani. Rekodi zote tatu, usikilize kesho yake. Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang wa *Vitimbi* hadi alipofariki 2015, alikuwa Mkikuyu, na watu wengi waliapa ni Mjaluo halisi. Hakuegemea herufi peke yake. Alibeba mdundo mzima: pale sauti inapopanda mwisho wa swali, pale jina la mtu linapovutwa. Anayeiga herufi tu huishia kuwakera wenye lugha.

Nina sauti kumi tofauti. Zinatosha?

Jipime hivi: mpe kila mhusika dakika tano za kusoma kitu kisichochekesha, kama maagizo ya kupanda mahindi. Sauti zitakazobaki zilezile hadi dakika ya tano, ndizo ulizo nazo. Kwa wengi, kumi hubaki tatu. Tatu zinazosimama zinatosha kuanzia.

Kwa kila moja andika kadi: inatoka kifuani, kooni au puani, midomo imekaaje, mwendo wa haraka au wa pole, na sentensi moja ya kuiamshia. Mwelekezaji anaweza kukuita baada ya miezi minne kurekebisha mstari mmoja, na bila kadi utaleta binamu yake mhusika.

Kwa nini nachekesha ukumbini lakini kwenye maiki nasikika bapa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na sababu si moja.

Kwanza, ukumbini kicheko ndicho kinachokupa mwendo. Unasema, wanacheka, unangoja kishuke, unaendelea. Kwenye kibanda hakuna anayecheka. Fundi yuko nyuma ya kioo anaangalia mistari ya kompyuta, huenda anakula mandazi. Mchekeshaji akikosa kicheko huanza kukimbia, au husukuma sauti kana kwamba watu wa nyuma hawasikii. Yote mawili husikika.

Dawa yake ni kuandika ukimya kwenye karatasi. Mkwaju mmoja ni nusu sekunde, miwili ni sekunde nzima:

*Mama Atieno amepika samaki. / Mzima. // Kichwa tu ndicho hakionekani.*

Soma kwa saa ya simu. Utashangaa nusu sekunde ilivyo fupi, na ulivyokuwa ukiivuta hadi mbili kungoja kicheko ambacho hakitakuja.

Pili, umezoea ukumbi wa watu mia tatu, ilhali redio husikilizwa na mtu mmoja aliyeko jikoni au kwenye matatu. Bandika picha ya mtu unayemjua juu ya karatasi, useme naye.

Tatu, uso wako umekuwa ukifanya nusu ya kazi. Jukwaani nyusi zikipanda watu wanaelewa kwamba unamkejeli mama mkwe. Kwenye maiki nyusi hazilii. Ila usiufunge mwili. Rusha mikono, inama, kunja uso, kwa sababu tabasamu husikika na bega lililokaza husikika pia. Kichwa tu ndicho kibaki pale kilipo. Na vua vyote vinavyolia: koti la nailoni, bangili, funguo, sarafu mfukoni. Kula kitu kidogo kabla, kwani tumbo lenye njaa hunguruma na maiki nzuri hulisikia.

Naweza kutumia Sheng?

Skripti ikisema. Jua tu kwamba Sheng ya Nakuru si ya Nairobi, na huchakaa haraka. Kazi ya kudumu mwaka mzima isifungwe kwa neno la mwezi huu.

## Kurekodi nyumbani

Chumba changu kina mwangwi. Nifanyeje?

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mkia mfupi wa mlio baada ya kofi, maiki itausikia mara mbili zaidi. Nyumba nyingi za kupanga zina sakafu ya saruji, kuta tupu na dirisha la kioo, yaani kila kitu kinachorudisha sauti.

Usinunue sponji nyembamba zenye umbo la trei ya mayai. Hupunguza mlio wa juu tu na kuacha sauti ya ndoo. Kinachofaa ni kitu kizito na laini: blanketi nzito tatu au nne za mitumba (soko la Kibuye, Kisumu, utazipata), godoro lililosimamishwa ukutani, kabati la nguo lililo wazi. Tundika blanketi nyuma yako na pande zote mbili, ziache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, na utandike nyingine sakafuni. Cha kwanza kuzibwa ni ukuta ulio nyuma yako, si ulio nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inakutazama wewe na kila kilicho nyuma yako. Watu wengi hulikosea hili.

Blanketi huua mwangwi, hazizuii kelele za nje. Boda boda atapita vilevile.

Na mvua kwenye mabati?

Haina dawa ya bei nafuu. Panga ratiba. Kisumu mvua hupenda kushuka alasiri na jioni, kwa hiyo asubuhi saa nne hadi saa sita ni wakati mzuri: watoto wako shuleni na mawingu bado hayajajikusanya. Usiku wa manane huonekana kimya hadi msimu wa mvua, ambapo vyura wa upande wa Nyalenda na Dunga huanza mkutano wao. Feni na friji vizimwe. Weka funguo za nyumba ndani ya friji, usije ukalala ukaisahau imezimwa.

Stima ikipotea, kompyuta ya betri hukuokoa. Hata ikiwepo, jaribu kurekodi chaja ikiwa imechomolewa. Ule mvumo wa chini unaosumbua wengi hutoka hapo.

Nianze na vifaa gani?

Maiki moja, kadi ya sauti ya nje (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta), stendi, na spika za masikioni zinazofunika sikio zima. Kama chumba bado ni kibovu, chagua maiki ya dainamiki. Husikia kidogo cha mbali. Maiki ya kondensa husikia kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani, na huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu kumbe hawajabonyeza kitufe cha 48V.

Maiki iwe umbali wa shubiri moja, sentimita 15 hadi 20. Maneno ya *p* na *b* hupiga pumzi inayosikika kama ngoma. Weka kichujio katikati, au nyosha waya wa hanga uwe duara uuvishe soksi nyembamba ya wanawake. Kisha geuza maiki kidogo ili pumzi ipite kando ya pua yake.

Viwango gani vya kurekodi?

Mono, WAV, kilohezi 48 na biti 24 kwa video. Kwa redio, uliza. Panga geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inayoingia, ili ukisema kwa nguvu kabisa kilele kiguse desibeli -6, kisivuke. Ukimya wa chumba ukae chini ya -60. Kwa vitabu vya sauti, wengi hufuata kipimo cha ACX, jukwaa la mtandaoni la vitabu vya sauti: wastani kati ya -23 na -18, kilele kisizidi -3.

Rekodi sekunde kumi za chumba kitupu kila kikao. Fundi atazihitaji kuziba mapengo.

Faili ni kubwa mno. Nizitumeje?

Dakika moja ya viwango hivyo ni karibu MB 8.6, saa moja ni zaidi ya MB 500. Pakia kwenye hifadhi ya mtandaoni utume kiungo. Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma kama waraka, usitume kama sauti, kwani itabanwa. Kazi nyingi hukataliwa kwa kosa hilo tu.

## Demo na majaribio

Demo, yaani rekodi fupi ya kuonyesha sauti zako, iwe ya urefu gani?

Sekunde 60 hadi 90. Anayechagua anasikiliza demo arobaini kabla ya chai, kwa hiyo ile kali kuliko zote iwe ndani ya sekunde kumi za kwanza. Tenga demo ya matangazo na ya wahusika. Usitie klipu ya jukwaani yenye vicheko vya watu: inaonyesha ukumbi, haionyeshi sauti. Anza na sauti yako ya kawaida. Wachekeshaji huiona haina maana, ilhali ndiyo inayonunuliwa zaidi.

Tangazo la sekunde 30 ni maneno mangapi?

Kwa Kiswahili, 55 hadi 65. Skripti zilizotafsiriwa huja na 80, kwa sababu aliyeandika alihesabu kwa Kiingereza. Usizikimbize. Mwambie mteja mapema na umpendekezee cha kukata.

Kwenye jaribio, niongeze mizaha yangu?

Mara ya kwanza soma kama ilivyoandikwa. Mara ya pili, ukiruhusiwa, ongeza. Anayebadilisha skripti tangu mwanzo huonekana hawezi kuelekezwa.

## Kazini

Kuingiza sauti tamthilia ya kigeni hufanyikaje?

Unapewa skripti yenye muda wa kila mstari. Unatazama kipande, unasikia sauti asilia kwenye sikio moja, milio mitatu inapigwa, na unaingia pale ambapo mlio wa nne ungekuwa. Angalia midomo inapofunga: *p*, *b* na *m* zikikaa juu ya mdomo uliofunga, mtazamaji husamehe mengine yote.

Urefu ndio adui. «Sikujua kwamba ungekuja leo» ni silabi 12; «Kumbe umekuja» ni sita na maana imebaki. Mwigizaji anayeweza kupendekeza mbadala wa namna hii papo hapo huitwa tena. Kazi hii si ngeni kwa Kiswahili: tamthilia ya Kichina ya *Doudou* na mama wakwe zake ilirushwa Tanzania kwa Kiswahili mwaka 2011, na baadaye StarTimes ikawa inatafuta sauti kwa mashindano.

Nilipiga mayowe siku moja, sauti ikakauka siku tatu. Nilikosea wapi?

Uliyapiga mwanzoni, na kwa koo. Omba mayowe, vilio na milio ya kupigana viwekwe mwisho wa kikao. Kabla yake, puliza mapovu kupitia mrija ulioingia sentimita tatu ndani ya glasi ya maji, dakika tano, ukivuma taratibu. Maji yawe ya kawaida, si baridi. Mate yakilialia mdomoni, tafuna kipande cha tufaha la kijani. Koo likikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tangawizi haitibu kila kitu.

## Pesa na mikataba

Nitoze kiasi gani?

Tenganisha vitu viwili: malipo ya kikao, na malipo ya matumizi. Matumizi yana maswali matatu: muda gani, chombo gani, eneo gani. Tangazo la miezi mitatu kwenye redio moja ya Bungoma si sawa na la mwaka mzima kwenye runinga ya taifa, hata kama maneno ni yaleyale ishirini. Neno la kuliogopa katika mkataba ni «milele». Likiwepo, bei ipande sana au lifutwe.

Taja pia idadi ya marekebisho. Kosa lako rekebisha bure. Mteja akibadilisha skripti, hicho ni kikao kipya. Omba nusu kabla.

Kwa nini nimelipwa pungufu?

Pengine ni kodi ya zuio. Kampuni ikikulipa ada ya KSh 24,000 au zaidi kwa mwezi, hukata asilimia 5. Kwa KSh 40,000 utapata 38,000, na ile 2,000 ipelekwe KRA kwa PIN yako. Dai cheti chake, maana kinapunguza kodi yako unapowasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Kampuni nyingi pia zitataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kabla ya kulipa. Jisajili mapema, si siku ya kudai.

## Mambo yenye utata

Naweza kuiga sauti ya mwanasiasa kwenye tangazo?

Kejeli ya kisiasa ni jambo moja, kuuza unga kwa sauti ya gavana ni jingine. Msikilizaji akiamini kwamba mwenyewe ameidhinisha bidhaa, mteja na wewe mko matatani. Omba mkataba useme mteja ndiye atakayebeba madai, au igiza aina ya mtu badala ya mtu.

Na kusimulia filamu kama DJ Afro?

Ni ufundi mkubwa, na kwa mchekeshaji ni shule nzuri ya pumzi na kasi. Lakini filamu ina mwenyewe. Usiiweke kwenye demo. Tumia video uliyopiga mwenyewe au uliyoruhusiwa.

Wananiomba saa kumi za sauti «kwa ajili ya teknolojia». Nikubali?

Uliza kwa maandishi kama zitatumika kufundisha akili unde na kama sauti bandia inayofanana na yako itauzwa. Jibu likiwa ndiyo, hujauza kikao, umewatengenezea mshindani wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, kwa hiyo ridhaa yako si jambo la kupita haraka. Mwaka 2024 waigizaji wa sauti za michezo ya video Marekani waligoma kwa sababu ya suala hilihili. Sharti la chini kabisa: matumizi yatajwe, yawe na mwisho, na yasivuke mradi huo.

Nimepewa kazi ya kucheka tu. Inarekodiwaje?

Kwa mchekeshaji, hii humshinda kuliko anavyodhani, maana kazi yake ni kuchekesha, si kucheka. Toa pumzi yote kwanza, kisha anza kucheka kwa kile kilichobaki tumboni. Kicheko cha mapafu yaliyojaa husikika cha uongo. Punguza geini kwa desibeli 6 na urudi nyuma nusu hatua. Rekodi urefu wa aina tatu, sekunde moja, tatu na sita, kwa irabu tofauti: *he*, *ho*, *hi*. Ongeza kile cha kuzuia, cha mtu aliye mazishini. Kipe kila kimoja faili yake na jina lake, kwa sababu fundi atakaposema «nipe kile cha pili», hamtakumbuka nyote wawili kilikuwa kipi.